Shangazi, wimbo umevuma na moyo umebadilika

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26, naimba nyimbo za Injili hapa Mbeya. Tangu wimbo wangu uvume YouTube, kila wiki napata mialiko na watu wananiita mtumishi. Juzi mwalimu wa kwaya aliyenifundisha alinikosoa kwamba nawahi kuingia kabla ya kinanda. Nikamjibu vibaya mbele ya wenzangu. Sasa naogopa Mungu atanipokonya kipawa. Niache kuimba?*

Marahaba, mwanangu. Usiache. Kiburi hakiishi jukwaani tu. Unaweza kukaa nyumbani ukajivunia kwamba umeacha.

Soma 2 Mambo ya Nyakati, sura ya 26. Uzia, mfalme wa Yuda, alitawazwa akiwa na miaka 16, akatawala miaka 52. Mungu akamfanikisha: akajenga minara, akachimba visima, jina lake likavuma hadi mipaka ya Misri. Hakuna mahali anapolaumiwa kwa mafanikio hayo. Moyo ulipojiinua, akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi isiyo yake. Hata hapo alipata nafasi ya kurudi: kuhani Azaria na makuhani wengine 80 walimfuata, wakamwambia atoke. Uzia akawakasirikia, na ukoma ukamtokea kwenye paji la uso akiwa bado ameshika chetezo.

Kila nikisoma habari hiyo, hasira ile ndiyo inayonitisha. Ndiyo sababu mialiko yako hainisumbui, ila jibu ulilompa mwalimu limeniuma. Nashukuru kwamba na wewe limekuuma.

Nenda kwake kabla ya mazoezi yajayo, umwombe radhi. Na kwa kuwa ulimjibu mbele ya wanakwaya, omba radhi mbele yao pia. Itakuwa vigumu, najua, usilikwepe. Kisha rudi kwenye safu yako, uimbe sauti yako bila kipaza sauti. Mialiko ipokee, ila Jumapili moja kila mwezi iwe ya kwaya yako, hata kama kwingine bahasha ni nono.

Kabla ya kupanda jukwaani, jiulize alichowauliza Paulo Wakorintho: "Nawe una nini usichokipokea?" Sauti ulipewa na Mungu. Kuituliza kwenye noti ulifundishwa na mwalimu huyohuyo, jioni baada ya jioni. Mwalike kwenye onyesho lako lijalo, akae mbele asikilize, na mkimaliza umwombe akwambie ulipokosea.

Shangazi