Mume katoka jeshini haongei na mtu: kukaa na askari wenzake kunasaidia au kunatonesha kidonda?

Shemeji, naomba nikuite hivyo maana mumeo ni mwenzetu. Umeandika kwamba mzee tangu avue magwanda amejifungia, usiku halali, ukimgusa akiwa usingizini anaruka, na ukimtajia kukutana na wastaafu wenzake anasema hataki kwenda kulialia mbele za watu. Ukauliza kama vikao hivyo vinasaidia kweli au vinamrudisha kulekule, na wewe mwenyewe mzigo wako umpelekee nani. Mimi nilikuwa askari wa miguu, nimestaafu, na kwa miaka kadhaa sasa nasimamia kikundi cha wenzangu waliorudi uraiani, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona humo.

Hilo la kulialia ndo linawazuia wengi, na si kweli. Kwetu mtu akija mara ya kwanza haulizwi aliona nini wala alipigana wapi. Anakuta watu wanafanya shughuli, siku hiyo labda tunamsaidia mmoja wetu kuhama nyumba, au tunatembea mwendo mrefu asubuhi, au tunajaza fomu za mafao ya mwenzetu ambaye karatasi zimemshinda. Atachagua kiti cha pembeni, mgongo ukutani, macho mlangoni anaangalia nani anaingia, na hakuna atakayemshangaa maana nusu ya waliomo wamekaa hivyohivyo. Sasa hapo mtu anapumua. Nyumbani anajua mnamwangalia, kazini anajua wanamwogopa kidogo, lakini pale halazimiki kujieleza, na nimeona wanaume ambao wake zao walishakata tamaa wakianza kuongea wakiwa wamebeba kabati ngazini, maneno mawili matatu tu, halafu basi, kazi inaendelea.

Kuna kitu raia wengi hawakifikirii kuhusu kutoka jeshini. Kambini kila siku unaitwa jina, usipoitikia kuna mtu lazima akutafute ajue uko wapi na una nini. Uraiani unaweza ukakaa ndani wiki nzima na hakuna anayegundua zaidi ya familia yako. Watu wanadhani anachokosa ni bunduki na vita, wakati wengi wetu tulichokosa ni kuhesabiwa, kujua kwamba pengo langu linaonekana na kuna mtu ananitegemea. Ndo maana sisi sheria yetu kubwa ni moja: asiyetokea anapigiwa simu siku ileile, na anayepiga ni mwenzake aliyepangiwa, siyo kiongozi. Hata yule mgeni kabisa naye anapewa mtu wa kumpigia. Kwa uzoefu wangu huyo mgeni anapona zaidi kwa kupewa mtu wa kumjali kuliko kwa kuongelea yake.

Kuhusu kutonesha kidonda, hofu yako ina msingi. Utaratibu wa kumkalisha mtu mara tu baada ya tukio baya na kumtaka asimulie kila kitu kwa kikao kimoja ulishachunguzwa sana, ikaonekana hauzuii ile hali wanayoiita PTSD, yaani maumivu ya akili yanayobaki baada ya tukio la kutisha, na wengine uliwaongezea, Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri usitumike. Kwa hiyo ukikuta kikundi ambacho mgeni anasimamishwa aseme yote, au ambacho kazi yao ni kushindana nani aliona mabaya zaidi huku chupa zinazunguka, mtoe haraka. Na grupu la WhatsApp la kikosi chake cha zamani liangalieni pia, kama saa saba za usiku watu wanarushiana video za mapigano huyo mtu atalala saa ngapi? Hiyo ni tofauti na matibabu ya mtaalamu aliyesomea, ambapo mgonjwa anarudishwa kwenye kumbukumbu ile hatua kwa hatua, kwa mpango na kwa ridhaa yake. Hayo yanafanya kazi, nimeona watu wakilala tena.

Na haya mambo ya askari kushikana mkono wao kwa wao hayakubuniwa ofisini. Askari wa Marekani waliotoka vita vya Vietnam walianza New York mwaka 1970, wakakaa wenyewe kwa wenyewe kuongea, wakawaita madaktari wa akili akina Robert Jay Lifton na Chaim Shatan waje kukaa nao kwenye duara kama watu wa kawaida. Miaka hiyo ugonjwa wenyewe ulikuwa hauna hata jina kwenye kitabu cha madaktari wa Marekani, PTSD iliingia mwaka 1980, na vituo vya mitaani vya maveterani, yaani askari wa zamani, ambavyo wengi wa wahudumu wake walikuwa maveterani wenyewe, viliidhinishwa na Bunge lao mwaka 1979. Kanada nako, ofisa mmoja aitwaye Stéphane Grenier alirudi kutoka Rwanda kwenye kikosi cha Umoja wa Mataifa akiwa ameumia ndani, baadaye akasukuma mpaka mwaka 2001 ukaanzishwa mpango rasmi ambao anayekupokea ni askari aliyepitia hayohayo, na familia nazo zinapokelewa na mtu wa familia. Mweleze mzee hili, maana askari wengi wanadhani hivi vikao ni mambo ya wataalamu wasiojua buti, kumbe walioanza ni watu wa aina yake.

Ila kikundi si hospitali na mimi nalisema hili kila tunapokutana. Akianza kugawa vitu vyake anavyovipenda, akiaga watu kwa namna isiyoeleweka, akisema mngekuwa na amani bila yeye, usisubiri kikao. Muulize wazi kabisa, unafikiria kujiua? Watu wanaogopa kuuliza wakidhani watampa wazo, hapana, kuuliza hakumpi mtu wazo, mara nyingi kunamfungulia mlango wa kusema. Kama kuna silaha ndani ya nyumba itoke, akae nayo mtu mwingine mpaka hali itulie, halafu mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake. Walio Marekani wanapiga 988, namba ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, kisha wanabonyeza 1, anapokea mhudumu wa maveterani, hata mke au mzazi anaweza kupiga.

Jinsi ya kumshawishi sasa. Usimwambie anahitaji msaada, atakukatalia mpaka kesho. Tafuta mtu mmoja tu, siyo kikundi, aliyekuwa naye platuni moja au cheo kinachokaribiana, amwombe kitu. Aje amsaidie kazi fulani, amsindikize mahali. Askari akiambiwa anahitajika anaamka, akiambiwa anaumwa anajifungia zaidi. Akikataa mara ya kwanza huyo mwenzake aendelee kupiga tu, salamu fupi, bila kumlaumu. Na cheo kiachwe mlangoni, hilo ni muhimu mno, maana akikuta afande anatoa amri na wengine wanasema ndiyo mkuu, ujue hamna mtu atakayesema ukweli pale.

Sasa wewe. Umeandika mistari mingi kuhusu yeye na mmoja tu kuhusu wewe, na huo mmoja umeniuma. Muda wote akiwa misheni wewe ndo ulikuwa baba na mama, uliamua ada, magonjwa, kila kitu, halafu amerudi anataka kupanga nyumba kama lindo, watoto wanamkwepa, wewe unatembea kwa tahadhari kwenye nyumba yako. Hilo linazikuta familia nyingi mno za wanajeshi na ndugu zako wa damu hawatalielewa hata wakupende vipi, watakwambia shukuru amerudi mzima. Unahitaji watu wa kwako, tofauti na wa kwake, ambapo unaweza kusema umemchoka leo bila mtu kukuona msaliti. Familia zenye mtu ambaye bado yuko kazini zina haja hiyohiyo, ila hao wawe makini, tarehe za kuondoka na kurudi na mahali kikosi kilipo visiandikwe kwenye grupu, na habari ya kifo au majeruhi isisambazwe kabla wenyewe hawajaambiwa rasmi. Nimeona mama akijua kwa meseji ya kusambazwa. Hapana jamani.

Mke wangu yuko kwenye kundi la namna hiyo, wamo wake, wazazi, na wanaume ambao wake zao ndo wanajeshi. Nimemsomea ulichoandika, amesema nikuulize kama ungependa akupigie, na kama mume hajui umeandika huku chagua saa ambayo hayupo karibu. Nitumie PM tu.