Pima unachokijua kwanza: ushauri kwa anayeanza utafiti wa maabara

Vijana wanaoanza uzamili wa fizikia huniuliza mara nyingi: niandae sampuli ngapi ili tasnifu yangu ipite? Nawaelewa. Muda ni mfupi, ada inadaiwa, na msimamizi anataka kuona grafu. Lakini katika miaka yote niliyofanya kazi na tando nyembamba za oksidi ya titani kwa ajili ya seli za jua, swali lililonifaa zaidi lilikuwa hili: kifaa ninachokitegemea kinasema nini nikikipa kitu ambacho jibu lake ninalo tayari? Kabla hujapima sampuli yako mpya, pima kitu unachokijua. Nitaeleza kwa mifano ya kazi yenyewe, kwa sababu ushauri huu ukitolewa kwa maneno matupu kila mtu huitikia, kisha anakwenda kuwasha tanuri.

Basi tuanze na hilo tanuri.

Aina ya seli ninayotengeneza, ambamo rangi iliyoshikwa na utando ndiyo inayofyonza mwanga, ilielezwa mwaka 1991 na Brian O'Regan na Michael Grätzel kule Lausanne, Uswisi. Iligeuza zaidi ya asilimia 7 ya nishati ya mwanga kuwa umeme, na haikuhitaji kiwanda cha silikoni. Hicho ndicho kilichotuvutia wengi huku kwetu. Unachukua kioo kilichopakwa oksidi ya bati yenye florini, kinachopitisha mwanga na umeme pia. Unabandika selotepu pande mbili na kuacha njia katikati, unadondosha rojo la TiO2, yaani oksidi ya titani, kisha unalitandaza kwa fimbo ya kioo kwa mkupuo mmoja bila kurudi nyuma. Likishakauka unalichoma kwa nyuzi 450 hadi 500 za Selsiasi. Hapo gundi iliyomo kwenye rojo inaungua na kutoka, na chembe za oksidi zinashikana ili elektroni zipate njia. Joto likipungua, mabaki ya kaboni yanaganda ndani, utando unatoka na ukahawia hafifu, na seli inakuwa dhaifu. Ukipita 550, kioo cha kawaida kinaanza kulegea.

Sasa, namba unayoisoma kwenye tanuri ni joto la mahali ilipo themokapo, yaani kihisi cha joto, si mahali ilipo sampuli. Katika matanuri mengi ya bomba, themokapo imekaa nje ya bomba, jirani na waya unaotoa joto. Ukitaka kujua ukweli, tumia metali ambazo nyuzi zake za kuyeyukia zinajulikana: bati 232, zinki 419.5, alumini 660. Zinki unaipata hata kwenye ganda la betri ya kawaida ya tochi ambayo si alkalini. Ivue, ioshe vizuri, uisugue mpaka ing'ae. Kata kipande kidogo chenye pembe kali, kiweke juu ya kigae cha kauri palepale sampuli itakapokaa, fungua madirisha, panda hadi 450, subiri nusu saa, acha ipoe.

Mara ya kwanza tulipofanya hivyo katika maabara moja, kipande kilitoka na pembe zake vilevile, kimefifia mng'ao tu. Skrini ilisoma 450 muda wote. Tukakata kingine, tukakisogeza sentimita chache kuelekea katikati ya bomba, joto lilelile la kwenye skrini. Kikatoka kimelala, pembe zote zimepotea. Tanuri halikuwa na hitilafu yoyote. Ila sentimita hizo chache zilieleza kwa nini wanafunzi wawili waliofuata maelekezo yaleyale walikuwa wanapata seli zisizofanana. Fundi wa maabara akachora alama kwenye fimbo ya kusukumia sampuli, na tangu siku hiyo hakuna anayekisia.

Kama unaona sentimita ni jambo dogo, kumbuka kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya Magamba, aligundua kwamba mchanganyiko wake wa aisikrimu uliowekwa kwenye friji ukiwa wa moto uliganda kabla ya ule uliokuwa umepoa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Najivunia sana habari hiyo, na kinachonivutia zaidi ni kwamba mjadala haujafungwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walipitia majaribio ya watu wengi, wakafanya na ya kwao, na hawakupata ushahidi wa kuridhisha. Walionyesha pia kwamba tofauti ya sentimita moja tu katika kina cha kipimajoto ingetosha kuleta matokeo yanayofanana na athari hiyo. Hilo halimpunguzii Mpemba hata chembe. Aliona, akauliza, akapima. Ila linakuonyesha ni swali kubwa kiasi gani linaweza kuning'inia kwenye nafasi ya kipimajoto.

Jambo la pili ni sampuli tupu, na hapa sina huruma na mwanafunzi yeyote. Ukipaka utando juu ya kioo, tenga kipande cha kioo hichohicho ambacho hakikupakwa. Kioshe vilevile, kichome kwenye tanuri lilelile siku ileile, kipime kwa vifaa vyote utakavyotumia kwa sampuli halisi. Bila hicho hujui kilicho chako na kilicho cha kioo.

Chukua kipimo cha eksirei, ambacho huonyesha mpangilio wa atomi kwa vilele kwenye grafu, na mahali pa kila kilele husomwa kwa nyuzi za pembe, si za joto. Kwa mashine ambayo eksirei zake hutolewa na shaba, TiO2 yenye mpangilio uitwao anatasi hutoa kilele kikuu karibu na nyuzi 25.3, na ile yenye mpangilio uitwao rutili karibu na 27.4. Katikati yao, kwenye 26.6, kipo kilele cha oksidi ya bati, yaani ule mpako wa kwenye kioo. Sampuli ikikaa juu au chini kidogo ya usawa wake kwenye mashine, vilele vyote vinasogea kwa pamoja. Mtu mwenye hamu ya kuona rutili ataiona. Mwenye grafu ya kioo kitupu pembeni atajua mara moja kwamba anatazama bati, na atatumia kilele hichohicho kurekebisha vingine, kwa kuwa mahali pake panajulikana. Yaani kioo chako kimebeba rula yake ndani, na ni bure.

Wengi wetu tunatuma sampuli nje kwa kipimo hiki, kwa sababu mashine iko mbali au imesimama ikisubiri vipuri. Ipo mitandao kama MSSEESA, inayowaunganisha watafiti wa nyenzo na nishati ya jua Mashariki na Kusini mwa Afrika, na ni vizuri kuijua mapema. Unapotuma, weka kioo kitupu kwenye bahasha ileile. Omba faili la data ghafi, si picha ya grafu. Ukitaka kukadiria ukubwa wa chembe kwa mlinganyo wa Scherrer, omba pia wapime unga wa silikoni au kitu kingine cha rejea, kwa sababu sehemu ya upana wa kilele inatoka kwenye mashine yenyewe na ni lazima uitoe. Nimekwisha soma tasnifu zenye ukubwa wa chembe hadi desimali mbili ambamo hatua hiyo haikutajwa popote.

Anayedhani haya ni mambo ya wanaoanza tu, atazame kilichotokea mwaka 2023. Mwezi Julai, watafiti wa Korea Kusini walitangaza kwamba kiwanja cha risasi, fosfati na shaba walichokiita LK-99 kinapitisha umeme bila ukinzani katika joto la kawaida la chumbani. Dunia nzima ilisimama kutazama. Katika grafu yao, ukinzani ulishuka ghafla karibu na nyuzi 104 za Selsiasi. Wanakemia wakakumbusha jambo lililojulikana kwa miaka mingi: sulfidi ya shaba, Cu2S, hubadili mpangilio wa atomi zake kwenye nyuzi hizohizo, na njia iliyotumika kutengeneza LK-99 huacha Cu2S kama mabaki. Kabla ya mwezi Agosti kwisha, watafiti wa taasisi ya Max Planck mjini Stuttgart walitengeneza fuwele safi zisizo na sulfidi hiyo, na zikaonekana kuwa kihami. Hata umeme wa kawaida hazikupitisha vizuri. Jibu la fumbo lote lilikuwa ndani ya uchafu, na lingeonekana mapema kama Cu2S peke yake ingepimwa kwa kifaa kilekile. Kwa hiyo andika orodha ya kila kitu kinachoweza kubaki kwenye sampuli yako, uvipime hivyo kwanza. Orodha yangu ina sodiamu inayotoka kwenye kioo kikichomwa, mabaki ya gundi, sabuni, na maji.

Maji yanastahili neno zaidi kwa sisi wa pwani. Wakati wa masika, utando wenye vitundu unafyonza unyevu wa hewani haraka sana, na nafasi iliyopaswa kushikwa na rangi inashikwa na maji. Dawa yake inajulikana: usisubiri utando upoe kabisa. Uchovye kwenye rangi ukiwa bado na joto la nyuzi kama 80. Zilizobaki zihifadhi kwenye chombo kilichofungwa chenye jeli ya silika, na kwenye daftari andika unyevu wa chumba siku ya kazi, pamoja na saa umeme ulipokatika na uliporudi. Sampuli iliyopoa ghafla ndani ya tanuri kwa sababu ya kukatika umeme ni sampuli tofauti, hata kama kwa macho inafanana na wenzake.

Kuhusu ukinzani nitasema kwa kifupi. Tumia sindano nne, mbili za kupitisha mkondo na mbili za kusoma volti, ili ukinzani wa miguso usiingie kwenye hesabu. Geuza mwelekeo wa mkondo na uchukue wastani. Ile namba 4.53 ya kwenye vitabu, inayozidishwa na volti iliyogawanywa kwa mkondo, ni ya sampuli pana sana ukilinganisha na nafasi kati ya sindano. Ukikata kipande cha sentimita moja lazima urekebishe. Na kabla ya yote, pima kioo kilichopakwa ulichonunua, ambacho lebo yake inasema ohm ngapi kwa mraba. Ukipata nusu yake, simamisha kazi.

Mwanga unahitaji subira zaidi. Ufanisi wa seli huripotiwa chini ya mwanga wa wati 1000 kwa mita ya mraba wenye mgawanyo wa mawimbi uliokubaliwa kimataifa, seli ikiwa kwenye nyuzi 25. Kifaa cha kuiga jua ni ghali, hivyo wengi hutumia taa ya halojeni na seli ndogo ya silikoni kama kipimo cha rejea. Tatizo ni kwamba halojeni ina miali mingi ya joto isiyoonekana. Silikoni inaihesabu hadi karibu nanomita 1100, wakati seli ya rangi haioni mengi zaidi ya 800. Silikoni itakuambia umefikia jua moja, kumbe seli yako inapata mwanga pungufu. Weka kichujio kinachozuia miali hiyo mbele ya silikoni, au toka nje saa sita mchana anga ikiwa safi, ukiwa na kipimo cha mnururisho wa jua mkononi, upime kwa jua lenyewe na uandike joto la seli. Halafu funika seli kwa karatasi nyeusi yenye tundu dogo kuliko eneo la rangi, na eneo la kugawia liwe la tundu. Bila hivyo mwanga unaingia kwa pembeni kupitia kioo na ufanisi unapanda bila sababu. Rangi za rosela au za matunda pori mara nyingi hazifiki asilimia 2. Mtu akiniletea asilimia 5 ya rosela, kitu cha kwanza ninachoomba kuona ni hiyo karatasi nyeusi.

Data ghafi usiifute kamwe. Tume iliyochunguza mwaka 2002 kazi za Jan Hendrik Schön, mwanafizikia wa maabara ya Bell Labs aliyetuhumiwa kughushi data, ilikuta hakuna daftari la maabara linaloeleweka na mafaili karibu yote yamefutwa. Katika tuhuma 24, ikathibitisha 16. Wewe ni mwaminifu, sina shaka, lakini uaminifu usio na faili hauwezi kukutetea mbele ya mtahini.

Ukishajua tanuri lako, kioo chako na taa yako, ndipo lile swali la idadi linapata maana. Andaa seli kadhaa za kila aina, usizipime kwa mpangilio wa zisizo na kichanganyio (kitu cha ziada unachokijaribu ndani ya utando) Jumatatu na zenye kichanganyio Jumanne, kwa sababu utakuwa unalinganisha siku mbili. Changanya mpangilio kwa kura, kila kundi liwe na seli ya rejea ambayo uliipima wiki iliyopita, na kwenye jedwali andika wastani pamoja na mtawanyiko wa seli zote, ikiwemo ile iliyokataa kufanya kazi.