Maswali yenu: mkono wa kushoto wa Nduduzo Makhathini

Wiki iliyopita nilimtaja kidogo tu Nduduzo Makhathini, yule mpiga piano wa jazi wa Afrika Kusini, na simu yangu haijapumzika. Haya tujibu.

Huyu jamaa katokea wapi? (Dada wa Jinja)

Kazaliwa 1982 uMgungundlovu, KwaZulu-Natal, akasomea piano Durban, akachota sana kwa mpiga piano mzee Bheki Mseleku, akapiga na mpiga saksofoni Zim Ngqawana. Mwaka 2020 Blue Note, lebo ya jazi ya Marekani, ikatoa albamu yake, wa kwanza kutoka Afrika Kusini kusaini nao, na hapo tayari alikuwa na albamu kibao alizotoa mwenyewe na mkewe Omagugu, kwa hiyo msiseme kaibuka jana.

Mbona anarudia kitu kimoja weee mpaka nasinzia? (Kaka wa Ntinda)

Kaka, utamu uko hapo hapo. Nenda kwenye kinanda chochote, hata kile cha kanisani chenye vitufe viwili vilivyokufa, mkono wa kushoto weka kidole kidogo kwenye Do ya chini na gumba kwenye Sol, gonga kwa nguvu, acha ilie, halafu kabla haijazima rukia juu ushike Re, Sol na Do kwa mpigo. Umesikia? Haichekeshi wala hailizi, inaning'inia tu, ndo maana mkono wa kulia unaenda popote unapotaka. Hiyo ni njia ya McCoy Tyner, mpiga piano aliyempigia mpiga saksofoni John Coltrane. Na kurudia kwenyewe, jamani, sisi wa Uganda, nchi ya amadinda, ile marimba ya mbao inayopigwa na watu kadhaa, tunalalamika nini? Pale watu wanagonga yaleyale, ukitulia unasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake.

Nasikia ni mganga. Mimi mlokole, nisikilize? (Mama wa Mbarara)

Kweli mama, ni mganga wa jadi na hafichi, kwake piano na uganga ni kazi moja. Albamu ya 2024, uNomkhubulwane, ina jina la mungu wa kike wa Kizulu. Mimi humo nasikia na kwaya pia, ila uamuzi wako, mimi si askofu.

Nianze na ipi? (Kijana wa Arua)

In the Spirit of Ntu, ya 2022. Hiyo "ntu" ndo ileile ya mtu, omuntu. Ila usisikilize kwa spika ya simu, mkono wa kushoto wote utapotea, tafuta hedifoni hata zile za elfu tano za soko la Owino, Kampala.