Safari ya Kwanza ya Ulaya: Anzia Lisbon

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu safari yao ya kwanza ya Ulaya huja na orodha ya Paris, Amsterdam, Roma na Vienna, yote hiyo kwa siku kumi. Nami niliwahi kusafiri hivyo, na ninachokikumbuka zaidi ni vituo vya treni na kuburuta sanduku. Siku hizi humwambia mtu achague mji mmoja na akae humo siku tano, na mji ninaoupendekeza ni Lisbon, mji mkuu wa Ureno.

Shughulikia viza mapema. Maombi ya viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, Ureno ikiwemo, hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, na utatakiwa uwe na bima ya safari yenye kinga ya angalau euro 30,000. Usilipie tiketi isiyorudishiwa fedha kabla ya kupata jibu.

Mtu wa pwani yetu atakuta huko jambo la kumgusa. Katika mtaa wa Belém, kando ya mto Tejo, ipo Monasteri ya Jerónimos, na ndani ya kanisa lake limo kaburi la Vasco da Gama, yule aliyetia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498. Sanamu yake imelazwa chali juu ya jeneza la mawe, viganja vimekutanishwa kama anayesali, na ubavuni pamechongwa merikebu yenye matanga. Nilisimama pale kwa muda mrefu nikiiwaza Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Dua, nakiri, sikumwombea. Hata hivyo, safari yangu ya kwanza kwenda Belém ilikuwa ya bure, kwa sababu nilikwenda Jumatatu, siku ambayo monasteri hiyo hufungwa pamoja na makumbusho mengi ya mji.

Jambo la pili ni viatu. Njia za waenda kwa miguu zimetandazwa vijiwe vya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo za watu hata vikang'aa, na kwa kuwa mji wenyewe ni vilima vitupu, manyunyu kidogo tu yanatosha kukuangusha. Mimi niliteleza Alfama nikiwa nimevaa viatu vya ngozi vyenye soli laini, nikaangukia goti mbele ya bibi aliyekuwa akianika nguo dirishani. Mtaa huo, ambao sehemu yake kubwa ilinusurika katika tetemeko la ardhi la mwaka 1755, una vichochoro vinavyokumbusha Mji Mkongwe wa Zanzibar, na hauna raha mpaka uuzunguke kwa miguu. Tramu namba 28 hupita huko, lakini ipande asubuhi na mapema, kwani baadaye hujaa pomoni na wachomoa pochi hupata kazi.

Siku moja itenge kwa ajili ya Sintra, mji mdogo ulio mlimani, mwendo wa dakika 40 hivi kwa treni kutoka kituo cha Rossio. Hata kama Lisbon kuna jua kali, chukua sweta: mlima ule una ukungu wake.