Barua kwa mwanangu Atupele: jiwe la mlango wa jikoni

Tukuyu, mwishoni mwa Juni

Mwanangu Atupele,

Barua yako tumeipokea, na mama yako ameisoma kwa sauti mara mbili, mara ya pili akiziruka sehemu zinazomtia hofu. Sisi hatujambo, isipokuwa bibi yako, ambaye kikohozi chake cha kila mwaka kimerudi.

Unauliza kama mimi naona utaiweza baridi ya Antaktika iwapo utakubali kufuatana na wale watafiti wa miamba kuanzia Novemba hadi Februari. Hilo nalijibu upesi. Miezi hiyo ni kiangazi huko, na sehemu za pwani kipimajoto hucheza karibu na nyuzi sifuri, yaani ile ile baridi iliyotukuta Kitulo asubuhi ya sakitu, siku gari lilipotuharibikia nawe ukagoma kulia kwa sababu kaka yako alikuwa akilia. Zile nyuzi 89.2 chini ya sifuri ulizozitaja zilipimwa katika kituo cha Vostok tarehe 21 Julai 1983, katikati ya bara na katika majira ya giza, wakati ambao wewe hutakuwapo.

Baridi basi ndiyo habari ndogo kuliko zote za huko. Tangu barua yako ifike nimekuwa nikisoma habari za bara hilo katika simu ya kaka yako, na karibu kila niliyokuwa nikiyadhani yamepinduka. Nilidhani theluji inaanguka huko usiku na mchana. Kumbe ni jangwa, na katikati yake maji yanayoanguka kwa mwaka mzima hayafiki milimita 50, hali sisi hapa Rungwe tunapata zaidi ya milimita 2,000. Nilidhani Ncha ya Kusini iko usawa wa bahari. Kumbe ina kimo cha mita 2,835, imeupita uwanda wa Kitulo kidogo tu, ila karibu mita 2,700 za kimo hicho ni barafu tupu. Chini ya barafu kuna maziwa. Ziwa Vostok lina urefu wa kilomita 250 hivi, limefunikwa na barafu yenye unene wa karibu kilomita nne, wala halijaganda, kwa kuwa ardhi hulipasha kutoka chini, uzito wa juu huyazuia maji yasigande upesi, na barafu yenyewe hulihifadhi joto hilo kama blanketi. Mama yako alivutiwa zaidi na Maporomoko ya Damu, mahali ambapo maji ya chumvi yenye madini ya chuma hutoka chini ya barafu, yakakutana na hewa na kuwa mekundu, kwa namna ile ile sururu yangu ilivyokuwa ikipata kutu. Yeye aliona ni sura ya Ufunuo, nami sikubishana naye.

Lakini kilichoninyima usingizi ni makaa ya mawe. Nimeishi kwa makaa miaka kumi na tisa, nawe umesomeshwa kwa makaa, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba katika milima ya bara lile la barafu mna matabaka ya makaa ya zama zile zile za makaa yetu ya Mchuchuma na Ngaka, ya zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, wakati nchi yetu na nchi hiyo zilipokuwa zimeshikana katika bara moja la Gondwana, na huko kukiwa na misitu.

Unajua ninakoelekea. Mwaka aliozaliwa kaka yako, nikiwa zamu ya usiku, lilianguka kutoka kwenye dari la shimo bamba la mwamba mweusi, ule unaopasuka kama kurasa, na ndani yake mlikuwa na majani, mengi, yamelala juu ya mengine, marefu mfano wa jani la mwembe na yenye mshipa mmoja katikati. Nililibeba bamba lile hadi juu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto. Msimamizi wa zamu alilitazama kwa muda wa kupepesa jicho, akalitupa kwenye kifusi, akasema mbele ya wenzangu wote: "Sisi tunachimba makaa, hatuchimbi majani." Walicheka. Wengine walinicheka hadi nilipostaafu, na jina la Bwana Majani wewe mwenyewe umelisikia sokoni. Kulipopambazuka nilikwenda kupekua kifusi mvuani, nikapata kipande kimoja tu chenye nusu ya jani, ambacho bibi yako alikifanya kizuizi cha mlango wa jikoni mpaka mwaka wako wa kwanza wa chuo, uliporudi likizo, ukapiga magoti pale mlangoni na kutamka jina la mmea wake wa kale, uliokwisha kutoweka duniani: Glossopteris.

Mnanitania kwa kusema siku zote kwamba mtu asitupe kitu asichokijua. Nitasema tena: mtu asitupe kitu asichokijua. Scott, yule mpelelezi Mwingereza, na wenzake waliokuwa wakirudi kutoka Ncha ya Kusini mwaka 1912, wamechoka, wana njaa, wakivuta mizigo yao wenyewe juu ya barafu, walisimama kwenye barafu ya Beardmore wakaokota mawe, na hema lao lilipopatikana Novemba mwaka ule, watatu wa mwisho, Scott mwenyewe akiwamo, wakiwa wamekufa ndani yake, mawe yale yapatayo kilo 16 yalikuwapo. Katika mawe hayo mlikuwamo jani letu, lile lile la mlango wa jikoni.

Hapo ndipo ninapogombana na nafsi yangu. Upande mmoja nafurahi kupita kiasi kwamba walikuwapo watu ambao hata kifo hakikuwafanya watupe jani. Upande mwingine naziwaza zile kilo 16, naziona mabegani mwako, na mtu yule yule aliyeshinda mvuani akipekua kifusi angekupigia kelele ukiwa mbali kiasi kile: tupa, mwanangu, tupa yote, rudi nyumbani. Hata yule msimamizi, nikisema kweli, alikuwa na tani za kutimiza na watoto wa kulisha. Sijamsamehe, lakini namwelewa zaidi kuliko zamani, jambo ambalo halinipendezi.

Kisha nikasoma kwamba itifaki iliyotiwa saini Madrid mwaka 1991 imepiga marufuku uchimbaji wa madini katika bara hilo lote, isipokuwa utafiti wa kisayansi. Nilimsomea mama yako mara tatu. Yaani iko nchi duniani ambako makaa hayachimbwi, na majani ndiyo yanayochimbwa! Nilicheka hadi bibi yako akaja kutazama kuna nini.

Umetaka kauli yangu, niende au nisiende, nami ninayo, imekaa ulimini tangu siku ya kwanza, lakini sitaiandika, kwa kuwa najua utaitii, na safari ya namna hii haifai kufanywa wala kuachwa kwa utiifu. Mama yako anasema huo ni ujanja wa mtu anayeogopa kulaumiwa. Huenda.

Jiwe nimeliondoa mlangoni, nimelisugua kwa brashi, na sasa mlango unagongagonga usiku kucha na kila mtu ananilalamikia. Mama yako amekwisha kununua sufu ya kijivu na amefika kwenye mikono ya sweta. Anataka umwandikie upesi mzigo unaoruhusiwa ni kilo ngapi.

Baba yako