Jibu: Gemu ya kutuliza mawazo inayozidisha wahka

Waalaykumu salaam, ndugu yangu wa Chake Chake. Umeuliza kwa nini gemu ya kutafuta uso unaotabasamu, uliyoipakua ili ikupunguzie mawazo baada ya kazi, inakuzidishia wahka. Kwanza tazama kama ina saa inayohesabu au matangazo yanayokatiza. Mimi huzima data kabla ya kuifungua, na mengi hukoma. Mchezo wa namna hiyo, uliotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, hukuwekea nyuso zilizonuna na mmoja tu unaotabasamu, ili akili izoee kutong'ang'ania dalili za kukataliwa. Alama, kwa maoni yangu, ni pambo tu. Ucheze kidogo baada ya isha, sauti ukiwa umeizima, na usingizi ukiendelea kukukimbia, muone daktari badala ya kupakua gemu nyingine.