Ukialikwa Argentina, Tangulia Kula Kidogo

Mtu akiniandikia kwamba anahamia Argentina kwa masomo au kazi, kwanza ananiuliza habari ya baridi, kisha ya Kihispania. Baridi ya Buenos Aires, inayokuja Juni hadi Agosti, dawa yake ni koti. Kihispania utakishika ukipenda kupiga soga sokoni. Kitakachokusumbua ni saa zao za kula na muda wanaokaa pamoja. Usipovizoea hivyo viwili utashinda na njaa, na bado watu watakuona una kiburi.

Tuanze na saa. Chakula cha usiku huliwa saa tatu, saa nne, na mwisho wa wiki hata saa tano. Ukienda mgahawani saa moja jioni utakuta mhudumu anapanga viti na mpishi hajawasha jiko. Usishangae kuona watoto wadogo wanakimbizana kati ya meza karibu na usiku wa manane, wazazi wametulia tuli. Kinachowavusha mpaka muda huo ni merienda ya saa kumi na moja jioni: kahawa ya maziwa na medialunas, vimkate vitamu vya umbo la mwezi mwandamo, au mkate wa kuchoma uliopakwa dulce de leche, yaani maziwa na sukari vilivyochemshwa pamoja hadi vikawa uji mzito wa kahawia. Usiiruke merienda. Ukiiruka ukaenda kwenye mwaliko wa usiku na tumbo tupu, utakuwa unaitazama sufuria badala ya kuwasikiliza wenyeji wako.

Halafu kuna mate, kinywaji cha majani kinachonywewa kwa zamu. (Najua, jina lenyewe linatuchekesha, na mrija ni mmoja kwa wote.) Majani yake, yerba, yanalimwa Misiones na Corrientes, kaskazini mashariki mwa nchi. Kibuyu kidogo kinajazwa majani kupita nusu, unachomekwa mrija wa chuma wenye kichujio chini, bombilla, kisha yanamiminwa maji ya moto ambayo hayakuachwa yachemke. Anayemimina ni mtu mmoja tu, cebador, na ndiye anayeanza kunywa, kwa sababu kile cha kwanza ndicho kichungu kuliko vyote. Akimaliza anajaza tena, anakupa wewe. Unakunywa mpaka bombilla ikorome, unamrudishia, anamjazia anayefuata. Hivyo hivyo mpaka chupa ya chai iishe maji.

Usikoroge kwa ile bombilla hata kidogo. Utaziba kichujio na utamuudhi aliyekiandaa kibuyu kwa mkono wake. Usiifute mdomo kabla ya kunywa. Usikae nayo unasimulia, maana watakukumbusha kwa utani kwamba kile kibuyu si kipaza sauti. Na usiseme «gracias» kila unapopewa, hata kama adabu za nyumbani zinakusukuma kushukuru. Ukishukuru umesema umetosheka, na zamu yako itarukwa. Kama hutaki kuchangia mrija na watu, sema tu mapema. Tangu korona wengi wanabeba kibuyu chao wenyewe, hakuna atakayenuna.

Jumapili ni siku ya asado. Ukiambiwa saa saba mchana, jua kwamba saa saba ndipo kuni zinaanza kushika moto. Nyama haigusi mwali. Inasubiri makaa, inatiwa chumvi tu, inaiva polepole. Mchomaji, asador, hapewi ushauri. Hata kama kwenu wewe ndiye bingwa wa mishkaki, kaa pembeni, msifie moto, mpelekee kinywaji. Kwanza zinatoka chorizo, yaani soseji, zilizotiwa ndani ya mkate, choripán, kisha matumbo na viungo vya ndani, na mbavu zinafika wakati mgeni asiyejua ameshashiba mkate. Jizuie. Nyama zikiisha mtu atasema apigiwe makofi mchomaji, na wote mtapiga.

Kwa Waislamu: chorizo mara nyingi huchanganywa na nguruwe, na morcilla ni soseji ya damu. Mbavu na vacío, mnofu wa ubavuni, ni ng'ombe, lakini hilo halijibu swali la kuchinja. Palermo, hapo hapo Buenos Aires, kuna msikiti wa Kituo cha Kiislamu cha Mfalme Fahd, kilichofunguliwa mwaka 2000. Waulize waumini wa pale wananunua nyama wapi. Mwenyeji mwambie siku ile ile aliyokualika, usingoje mpaka sahani iko mbele yako. Mimi nilikuwa nakwenda na samaki wangu ndani ya karatasi ya foili, nikatengewa kona ya wavu, na yakawa ndiyo mazungumzo ya siku.

Baada ya kula, usiinuke. Kukaa mezani vyombo vikiwa vitupu kuna jina lake, sobremesa, na kunaweza kuendelea mpaka jua lizame. Hapo ndipo urafiki unapotengenezwa. Watabishana siasa kwa sauti ambayo kwetu ingewaita majirani, kisha watapokezana mkate. Mtu mzima atakwambia bila haya mwanasaikolojia wake alimwambia nini wiki hii. Kumwona mwanasaikolojia huko ni jambo la kawaida kabisa. Na ukitaja vile visiwa vya kusini ambavyo Waingereza huviita Falkland, viite Malvinas.

Salamu ni busu moja shavuni, hata mwanamume kwa mwanamume. Unazunguka kwa kila aliyepo, na ukiondoka unazunguka tena, kwa hiyo anza kuaga nusu saa kabla. Asiyependa kuguswa na mtu wa jinsia nyingine aweke mkono kifuani mapema, atabasamu, wanaelewa.

Sasa lile ambalo sisi weusi tunapaswa kuambiana. Utaitwa «negro» au «negra». Wenyewe kwa wenyewe wanaitana hivyo kwa mapenzi, hata asiye mweusi. Mwimbaji Mercedes Sosa alijulikana nchi nzima kama La Negra. Lakini neno hilo hilo linatumika kudharau maskini na watu wa mikoani, na sikubaliani na wanaosema kwamba kule ni mapenzi matupu. Sikiliza sauti, tazama uso, na kama hulipendi sema jina lako uitwe hilo. Utaulizwa pia kama umetoka Senegal, kwa sababu Wasenegali wanaouza bidhaa mitaa ya Once, eneo la biashara la Buenos Aires, ndio Waafrika wanaowaona kila siku. Wengi hawajui habari za weusi wa nchi yao wenyewe, ingawa tarehe 8 Novemba ni siku ya kitaifa ya Waajentina wenye asili ya Afrika, kwa kumkumbuka María Remedios del Valle, aliyepigana katika vita vya uhuru.

Ukitoka Buenos Aires kwenda Salta au Santiago del Estero, maduka yanafungwa mchana mpaka saa kumi na moja hivi, watu wamelala. Usimtembelee mtu muda huo. Muda mwingine, kama nyumba haina kengele, simama kwenye geti upige makofi, ndiyo hodi yao. Na ukiwa ufukweni Mar del Plata ukasikia makofi yanaenea kutoka mwavuli hadi mwavuli, mtoto amepotea: mtu amembeba mabegani, na wote wanapiga makofi wakimfuata mpaka mzazi aone. Piga na wewe.

Kuhusu pesa, mwaka 2023 mfumuko wa bei ulipita asilimia 200, kwa hiyo usikariri bei, na kabla ya kulipa uliza kama kuna punguzo kwa taslimu. Ila tarehe 29 ya kila mwezi tafuta mtu wa kula naye ñoquis, vidonge vya viazi na unga vyenye mchuzi. Unaweka noti chini ya sahani ili mwezi ujao uje na riziki. Noti ndogo inatosha.